Nimsamehe Nini Kama Hakufanya Yeye?



Kwa kawaida sisi wa Kamati ya Afya tukiandika hapa tunaandika juu ya presha, sukari, na chanjo ya mafua kabla baridi haijaingia. Safari hii tunajibu swali ambalo si la dawa, ingawa limeanzia hospitalini. Limeletwa na dada mmoja wa kanisa letu. Yeye na baba yake wameturuhusu kulieleza bila majina, nasi tunawaomba ninyi msiyatafute.

Baba huyo aliugua nimonia mwezi wa Januari. Maambukizi yakaingia kwenye damu, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, akalala wodi ya wagonjwa mahututi siku 18. Mirija ilipotolewa akaanza kusema. Alimwambia binti yake, mbele ya wauguzi na mbele ya mzee wa kanisa aliyekuja kumwombea, kwamba amekuja kumwua ili arithi nyumba. Alimwita jina ambalo hatutaliandika. Akasema huyu si damu yangu, mama yake anajua alikompata. Akamtemea mate. Iliendelea hivyo siku 5, usiku ikizidi na mchana ikipungua, kisha ikaisha. Leo baba yuko nyumbani, anakula, anatembea na mkongojo wake, na katika hayo yote hakumbuki hata moja. Binti anakumbuka kila neno.

Akatuuliza: "Nimsamehe nini, kama hakufanya yeye? Na kama hakuna cha kusamehe, mbona nimeumia hivi?"

Wengi walikuwa wameshamjibu kabla yetu. Wengine walimwambia asahau, ni ugonjwa tu. Wengine walimnong'oneza kwamba mtu akiugua hivyo hutoa yaliyojaa moyoni, na kwamba huenda mzee alikuwa akiyaficha miaka yote. Jibu hili la pili ndilo lililomnyima usingizi. Na mmoja, kwa nia njema kabisa, alisema ni pepo. Tungependa kuyapitia majibu haya polepole, maana familia nyingi hapa zina wazazi wanaozeeka, na leo kwake, kesho kwetu.

Tuanze na mwili. Ukichomwa na mwiba, kidole huvimba, huwa chekundu na cha moto. Hao ni askari wa mwili wamefika. Wengi wetu tunaposikia uvimbe tunafikiri saratani au jipu, lakini hapa tunasema juu ya uvimbe wa namna hiyo ya mwiba, yaani vita ya mwili dhidi ya kitu kilichouingilia. Ubongo nao una askari wake wakaao humo humo. Mtafiti wa Kihispania, Pío del Río Hortega, aliwatambua mwaka 1919 na wakaitwa mikroglia. Wakati wa amani hufagia takataka na kulinda seli za fahamu. Maambukizi makali yanapoushika mwili, hata yakiwa mapafuni au kwenye figo, habari hufika kichwani kupitia damu na mishipa ya fahamu, na askari hao huamka. Wakiamka kupita kiasi, mawasiliano ya ubongo huvurugika. Wakati mwingine ubongo wenyewe huvimba hadi fuvu linaubana, kama inavyotokea kwa watoto wenye malaria kali. Wakati mwingine picha ya kichwa haionyeshi kitu, na bado mgonjwa hajui yuko wapi wala mwanawe ni nani.

Hospitali huiita hali hii deliriamu. Kiswahili kina neno lake la zamani, kuweweseka. Sababu zake ni nyingi na huja pamoja: homa, dawa za usingizi, upungufu wa hewa, kukosa usingizi wa kweli. Watafiti wengi leo wanaona kwamba uvimbe huo wa ndani ni sehemu kubwa ya habari yenyewe.

Nayo si jambo la wachache. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kule Nashville, walitoa matokeo ya kufuatilia wagonjwa mahututi 821. Kati yao asilimia 74 waliweweseka wakiwa hospitalini. Miezi 3 baadaye, wale waliopimwa tena, asilimia 40 walikuwa na uwezo wa akili ulioshuka kufikia kiwango cha mtu aliyeumia kichwa kwa kiasi cha kati, na asilimia 26 kufikia kiwango cha mtu mwenye ugonjwa wa Alzheimer katika hatua zake za mwanzo. Hawakuwa wazee peke yao. Vijana nao walikuwamo. Na kadiri mtu alivyoweweseka siku nyingi zaidi, ndivyo akili yake ilivyochelewa zaidi kurudi. Kabla ya kazi hiyo na nyingine kama hiyo, hospitali nyingi zilihesabu mafanikio kwa swali moja: ametoka hai au hakutoka?

Sasa turudi kwa wale wanaosema ugonjwa hufunua moyo. Sisi tunaofanya kazi usiku wodini tuna jambo la kusema hapa, na tunalisema kwa uhakika. Tumewahudumia Wamarekani, Wameksiko, Wasomali, Wavietnamu, watu wenye majumba na watu wasio na hata anwani. Wakiweweseka, wengi wao husema maneno yale yale. Mmenitilia sumu. Mmeniteka nyara. Huyu anataka kuniua. Mke wangu ameungana nao. Kama kuweweseka kungekuwa kufunua siri za moyo, siri zingetofautiana kama mioyo inavyotofautiana. Lakini mwanamke asiye na senti anaogopa kurithiwa, na mtu ambaye hajawahi kuoa anasema mkewe amemsaliti.

Fikirini mambo anayoyapata mgonjwa yule. Amefungwa mikono asivute mirija. Mpira umepitishwa kooni, hawezi kusema. Saa 9 usiku mtu asiyemfahamu anamwasha taa usoni na kumchoma sindano. Kuna kengele zinazolia bila kukoma. Ubongo ulio mzima ungejieleza: niko hospitalini, wananisaidia. Ubongo uliovurugika hauna maelezo hayo, lakini hofu unayo kamili, basi unaitungia hofu hiyo hadithi. Kwa hadithi hiyo unahitaji adui, na adui aliye karibu ni yule anayekaa kitini kando ya kitanda kila siku. Dada yetu alishutumiwa kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Ndugu zake ambao hawakuja hospitali hawakutukanwa.

Juu ya pepo tunasema kwa heshima, maana sisi nasi ni watu wa maombi. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mtoto akishikwa na degedege ilisemwa ni ndege mbaya amempitia, akafukizwa, na wazazi wengi waliogopa sindano kuliko ugonjwa wenyewe wakiamini sindano itamwua. Watafiti waliokwenda Bagamoyo miaka ya 1990 waliyaandika haya. Malaria iliyopanda kichwani ilikuwa ikipoteza watoto huku ikiitwa kwa jina la ndege. Na waliopona hawakupona wote sawa: huko Kampala, watafiti waliowafuatilia watoto waliougua malaria ya kichwa walikuta miaka 2 baadaye kama mtoto 1 kati ya 4 ana upungufu katika kumbukumbu, usikivu au uwezo wa kujifunza. Wangapi kati ya watoto wa namna hiyo walichapwa shuleni kwa sababu hawashiki somo? Hatuna hesabu, lakini baadhi yetu tuliketi nao dawati moja.

Yule kijana aliyeletwa kwa Yesu akianguka motoni na majini, Mathayo anaitaja hali yake kuwa kifafa, na Marko anaeleza habari za pepo. Hatutaingia kwenye mabishano hayo. Sisi kama wauguzi tunaona jambo moja dogo katika Marko sura ya 9 ambalo mahubiri mengi huliruka. Kabla ya kumponya, Yesu alimwuliza baba yake hali hii ilianza lini. Aliuliza historia ya ugonjwa. Anayesali hakatazwi kuuliza tangu lini, na akishauliza, hakatazwi kupiga 911.

Tena tuna mfano wa karibuni wa watu kuhukumiwa kwa mienendo yao wakati ubongo unawaka. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walieleza ugonjwa wa wanawake 12, msichana wa miaka 14 akiwamo. Walikuwa wamebadilika ghafla: kuona visivyokuwapo, kushuku watu, kupiga kelele, kisha degedege na kupoteza fahamu. Ilibainika kwamba kinga ya miili yao ilikuwa ikishambulia vipokezi fulani vya ubongo ambavyo hutumika katika kumbukumbu na fikra, na kwa wanawake hao vita ilichochewa na uvimbe mahali pengine mwilini, mara nyingi kwenye ovari. Kabla ya hapo wagonjwa wa namna hii waliishia wodi za magonjwa ya akili, au kwa watoa pepo, au kaburini. Mwaka 2013 yakatoka matokeo ya wagonjwa zaidi ya 500: wakipata matibabu ya kutuliza kinga, kama 8 kati ya 10 walikuwa katika hali nzuri baada ya miaka 2.

Mmoja wa waliougua ni mwandishi wa habari wa New York, Susannah Cahalan, akiwa na miaka 24, mwaka 2009. Daktari mmoja alimwona akaamua ni pombe. Aliyemwokoa, daktari Souhel Najjar, alimpa kalamu akamwambia achore uso wa saa. Akachora namba zote 12 upande mmoja wa duara. Hapo daktari akajua kwamba upande mmoja wa ubongo umewaka moto. Tukisoma habari ile tunamkumbuka Hana hekaluni Shilo, midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akaamua moja kwa moja kwamba amelewa. Eli hakuwa mtu mbaya. Alitazama tu, hakuuliza. Alipoelezwa, alimbariki, na hilo tumhesabie.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi jibu ni lile la kwanza, ni ugonjwa tu, mwambieni dada asahau. Sisi hatukubali haraka hivyo, na hapa ndipo swali lake linapozidi kina.

Kuna mwanafalsafa wa Kiingereza, P. F. Strawson, aliyeandika mwaka 1962 juu ya namna mbili za kumtazama mtu. Ya kwanza ni ile tunayotumia kati yetu kila siku: nakasirika ukinikosea, nashukuru ukinitendea mema, nakusamehe, naumia. Ya pili ni kumtazama mtu kama jambo la kushughulikiwa: atulizwe, azuiwe, atibiwe. Sisi wauguzi twaijua ya pili sana. Mgonjwa akitupiga ngumi saa 10 alfajiri hatumchukii, tunaandika kwenye kompyuta "ametaharuki" na kuangalia kiwango cha hewa yake. Hiyo ni rehema, nasi tunaihitaji ili tumalize zamu. Lakini hebu fikirini mtu akitazamwa hivyo na mtoto wake, siku zote. Hakuna akisemacho kinachoumiza tena, kwa hiyo hakuna akisemacho kinachofurahisha. Akitukana, ni ugonjwa. Akisema asante mwanangu, huenda nayo ni ugonjwa. Tumemwondolea hatia yake, na tumemwondoa na yeye mwenyewe.

Kwa hiyo dada yetu kuumia si ujinga wake wala ukosefu wa imani. Aliumia kwa sababu aliyesema alikuwa bado baba yake, kwa sauti ya baba yake, kwa lugha ya nyumbani kwao. Maumivu yale yalithibitisha kwamba hajamgeuza baba yake kuwa mzigo wa kitandani. Wageni walioshika mlango hawakuumia.

Hali ni ngumu zaidi pale uvimbe unapoacha kovu la kudumu. Kuanzia mwaka 1917, daktari Constantin von Economo wa Vienna alieleza ugonjwa wa ubongo uliowalaza watu usingizi mzito. Ulienea duniani kwa miaka kama 10, na chanzo chake kinabishaniwa hadi leo. Watoto wengi waliopona walibadilika tabia. Mtoto mpole akawa mwizi, mwongo, mpigaji, asiyelala usiku, na jambo la kutisha ni kwamba wengine walikuwa wakijutia baadaye na kulia, kisha wakarudia. Uingereza na Marekani zilifungua wadi maalumu kwa ajili yao, maana shule ziliwafukuza na wazazi walishindwa. Mtoto wa namna hiyo utamwambiaje juu ya wizi wake? Ukimwambia ni dhambi yako, unamtwisha asichoweza. Ukimwambia si wewe, unamwambia kwamba hata kile kilio cha majuto si chake. Sisi tungechagua kukaa na kilio chake. Tungeficha funguo, tungefunga kabati, halafu tungeketi naye anapolia, na kumwamini kwamba analia yeye.

Inashangaza kidogo, lakini mahali tulipojifunza jambo hili vizuri ni kwenye taratibu za utafiti. Tunajua wengi hapa mkisikia utafiti mnakumbuka Tuskegee, ambako tangu 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watazamwe, hata baada ya penisilini kupatikana. Mnayo haki ya kuogopa, na ni kwa sababu ya uovu ule sheria zilikazwa. Lakini tazameni utafiti wa watu wanaoweweseka unavyofanyika sasa. Mgonjwa hawezi kukubali wala kukataa kwa akili timamu, basi anaulizwa mtu wa familia, naye anatakiwa asijibu anavyotaka yeye, ajibu kama mgonjwa angejibu. Mgonjwa akikunja uso, akavuta mkono wake usichomwe, mtafiti mwema anaacha, ingawa mgonjwa hajui hata leo ni siku gani. Na akili ikirudi, wanakwenda kwake tena na kumwuliza upya: familia yako ilikubali kwa niaba yako, wewe unasemaje? Anaweza kujitoa siku hiyo hiyo.

Yaani wakati wote ule yeye hajafutwa. Nafasi yake imeshikwa na watu wanaomfahamu mpaka aje aichukue. Kule wodini binti yake aliishika nafasi ya baba yake siku 18, akijibu madaktari kama yeye angejibu, huku akitemewa mate.

Sasa, kuhusu kusamehe. Mjukuu mmoja, kijana wa miaka 15, alimsimulia babu kila kitu alichosema hospitalini. (Wazazi, watoto hawa husikia zaidi ya tunavyodhani.) Mzee alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akamwita binti yake, akavaa koti lake la kanisani, akamwomba radhi. Binti akataka kumjibu, "Hukunikosea, baba, ni ugonjwa," maana ndivyo tulivyofundishwa kusema na ndivyo ilivyo kweli. Akashindwa, akaja kutuuliza.

Tulimwambia aipokee. Baba yake hakuwa anakiri kosa la jinai. Alikuwa anasema: yale maneno nayakana, mimi mwenye akili zangu siyataki, na wewe ni damu yangu. Hilo neno hakuna mwingine duniani awezaye kumpa. Daktari anaweza kumwambia baba yako aliweweseka, lakini hawezi kumwambia wewe ni mtoto wangu. Ukimjibu hukunikosea, unamrudishia zawadi yake mkononi. Mwambie tu, nimepokea, baba. Na kama bado kuna siku unaumia, umia bila kujilaumu. Kidonda hakiulizi kisu kilishikwa na nani.

Wapo kati yetu waliopinga ushauri huo. Walisema kumruhusu mzee aombe radhi kwa asilolifanya ni kumwongezea aibu, na kweli wagonjwa wengi waliotoka wodi ile hubeba aibu kubwa, wengine hukataa kurudi kliniki wasikutane na wauguzi wale. Tulibishana karibu saa nzima. Tulikubaliana kwamba mgonjwa asisukumwe kuomba radhi, wala asikumbushwe makosa kwa utani mezani, kama tunavyopenda. Ila akiomba mwenyewe, asinyamazishwe.

Jambo la mwisho ni hazina. Baba huyu amekuwa mmoja wa wahesabu sadaka kwa miaka mingi, na sasa hesabu zinampotea katikati. Anajua hivyo. Baraza lilitaka kumpumzisha kimyakimya kwa kuacha tu kumpangia zamu. Tuliomba asitendewe hivyo, aitwe na kuelezwa, maana kumficha mtu habari zake mwenyewe ni kumwona hayupo. Aliitwa. Amechagua kusimama mlangoni na kukaribisha wageni, na hesabu anahesabu ndugu mwingine akiwa pembeni yake, kwa zamu fupi, mpaka mwezi wa 9, halafu tutazungumza naye tena. Wapo wanaopona zaidi ndani ya mwaka.

Na ninyi wenye wagonjwa, mambo machache ya kufanya. Mtu akibadilika kwa saa au siku chache, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida au akiwa mkali bila sababu, msingoje Jumapili. Hasa kwa mzee, maambukizi ya mkojo au mapafu yanaweza kujitokeza hivyo kabla hata ya homa. Mkifika hospitali semeni wazi kwamba hii si kawaida yake, na semeni alikuwaje wiki iliyopita, maana wale wodini hawakumjua akiwa mzima. Mpelekeeni miwani yake, vifaa vya kusikilizia, na mtu wa kukaa naye usiku.

Zaidi ya yote, daini mkalimani. Kipimo kinachotumika sana kutambua kuweweseka kinamtaka mgonjwa abonyeze mkono wa muuguzi kila anaposikia herufi A katika mfululizo wa herufi, kisha anaulizwa kama jiwe huelea majini, kama baharini kuna samaki, kama ratili 1 ni nzito kuliko ratili 2. Mzee wa Kigoma au Uvira akiulizwa hayo kwa Kiingereza atakaa kimya, na itaandikwa ameweweseka. Au atatabasamu kwa adabu, itaandikwa ametulia, kumbe hajui yuko wapi. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kutoa mkalimani bila malipo. Wala msimtumie mtoto wa miaka 12 kumfasiria babu yake anapotukana.

Karatasi yenye maelezo haya kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi iko kwenye meza ya Kamati ya Afya, karibu na mlango wa jikoni, baada ya ibada ya pili. Ina nafasi ya kuandika majina ya dawa, nambari ya simu ya mtu wa kupigiwa, na mstari mmoja ulio wazi wa kueleza mgonjwa ni mtu wa namna gani akiwa mzima. Ijazeni sasa, wakati wazazi wenu wanaweza kuwaambia nini cha kuandika hapo.